Levi Strauss: Muuza vitambaa aliyeipa dunia jinzi, na namna ya kuitunza idumu

HAKUNA gulio la Kasulu wala Kibondo ambalo mnunuzi atalizunguka bila kukutana na rundo la suruali za jinzi. Nyingine zimepangwa kwenye meza, nyingine zimemwagwa juu ya turubali, nyingine zimetundikwa kwenye kamba. Mkulima wa maharage huinunua kwa ajili ya shamba, kijana wa bodaboda kwa ajili ya vumbi la barabarani, na mwalimu kwa ajili ya mapumziko ya Jumamosi.

Hata hivyo, ni wachache miongoni mwa wanaoiuza na wanaoivaa wanaofahamu kwamba nguo hiyo ilianza kama vazi la vibarua, na kwamba mtu aliyeigeuza kuwa biashara kubwa alikuwa mtoto wa mchuuzi aliyetembeza bidhaa kijiji hadi kijiji. Mtu huyo ni Levi Strauss, aliyefariki dunia mwaka 1902.

Maisha yake yana mafunzo mawili kwa mfanyabiashara mdogo na mkulima. Funzo la kwanza ni la biashara yenyewe. La pili ni la kuielewa bidhaa, kwa sababu suruali nyingi za jinzi haziuawi na kazi bali huuawa na beseni la kufulia.

Mtoto wa mchuuzi

Strauss alizaliwa Februari 26, 1829 katika kijiji cha Buttenheim, Bavaria, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ujerumani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Löb. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na katika zama hizo Wayahudi wa Bavaria walibanwa na sheria zilizowapangia mahali pa kuishi, idadi ya familia zilizoruhusiwa kukaa kijijini na hata ruhusa ya kuoa.

Baba yake, Hirsch Strauss, aliendesha maisha kwa kutembeza vitambaa na vifaa vya nyumbani. Mwaka 1846 baba huyo alifariki kwa kifua kikuu. Miaka miwili hivi baadaye mjane wake Rebecca alifunga safari ya meli kwenda New York, Marekani, akiwa na Levi na mabinti zake wawili. Huko waliwakuta kaka wawili wa Levi, Jonas na Louis, ambao tayari walikuwa wameanza biashara ya jumla ya vitambaa.

Levi aliingia katika biashara hiyo ya ndugu. Alijifunza kuhesabu mzigo, kutambua kitambaa kizuri kwa kukishika, na kuwajua wateja wanaolipa na wasiolipa. Kwa lugha ya magulio ya leo, alijifunza biashara akiwa chini ya kaka zake kabla ya kupewa mtaji na eneo lake mwenyewe.

Kufuata wateja waliko

Januari 1848 dhahabu iligunduliwa California, upande wa magharibi wa Marekani, na maelfu ya watu wakamiminika huko. Familia ya Strauss iliona kwamba watu hao watahitaji shuka, mablanketi, nguo za ndani na vitambaa. Machi 1853 Levi, akiwa na umri wa miaka 24, aliwasili San Francisco kwa meli na kufungua tawi la biashara ya familia.

Yeye hakuchimba dhahabu. Alipokea mzigo kutoka kwa kaka zake New York na kuwauzia wenye maduka madogo katika miji ya migodi, ambao nao waliwauzia wachimbaji. Ni mtindo unaofahamika Kigoma: baada ya kambi ya Nyarugusu kufunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, wapo wafanyabiashara waliotambua kwamba palipo na watu wengi wapya pana mahitaji, wakapeleka bidhaa huko.

Mume wa dada yake, David Stern, alijiunga naye, na mwaka 1863 kampuni ikapewa jina la Levi Strauss & Co. Ilipofika mwaka 1866 ilikuwa na makao makubwa katika Mtaa wa Battery mjini San Francisco. Kufikia hapo Levi alikuwa tajiri anayeheshimika, lakini alikuwa bado hajauza hata suruali moja ya jinzi kama tunayoifahamu leo.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu ipo hadithi iliyoenea duniani kwamba Strauss alifika California na turubali la mahema, akakuta wachimbaji hawana suruali imara, akawashonea za turubali. Hadithi hiyo inapendeza lakini si ya kweli. Ilipata nafasi ya kukua kwa sababu kumbukumbu za kampuni ziliteketea katika tetemeko na moto wa San Francisco wa Aprili 18, 1906.

Fundi cherehani wa Reno

Ukweli ni kwamba wazo lilitoka kwa mteja. Jacob Davis, aliyezaliwa Riga mwaka 1831, alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo wa Reno, jimbo la Nevada. Alikuwa akishona mahema, mablanketi ya farasi na nguo za kazi, na vitambaa vyake alivinunua kwa Levi Strauss.

Mwishoni mwa mwaka 1870 au mwanzoni mwa 1871, mwanamke mmoja alimwendea kutaka suruali ya mumewe ambaye alikuwa mkata kuni. Suruali za bwana huyo zilikuwa zikichanika kila mara. Davis alishona suruali ya turubali jeupe zito, kisha akaona mezani ribiti za shaba alizokuwa akizitumia kwenye vifaa vya farasi. Akazigonga katika pembe za mifuko, mahali ambapo mshono huanza kuachia.

Suruali hiyo haikuchanika. Habari zikaenea kwa vibarua wengine, na katika muda wa miezi 18 hivi Davis akawa ameuza suruali takriban 200, nyingine za turubali jeupe na nyingine za kitambaa cha buluu. Akaanza kuogopa kwamba majirani wataiga.

Alitaka hati ya kulinda ugunduzi wake lakini ada yake, dola 68, ilikuwa mzigo kwa nyumba yake. Mwaka 1872 alimwandikia barua muuzaji wake wa vitambaa, akamweleza ugunduzi na kumpa pendekezo: Strauss alipe gharama, na haki ya ugunduzi iwe ya wote wawili.

Hapo ndipo ulipo uamuzi mkubwa wa maisha ya Strauss. Alikuwa na wateja wengi na barua nyingi, na angeweza kuipuuza hii. Badala yake alikubali. Ofisi ya hataza ya Marekani iliwarudishia maombi mara kadhaa yarekebishwe, na Mei 20, 1873 ikatoa hataza namba 139,121. Davis alihamia San Francisco kusimamia ushonaji, na alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1908.

Kwa fundi cherehani wa Kibondo mwenye wazo zuri lakini asiye na mtaji, habari hii inafaa kufikiriwa. Davis alipata soko na ulinzi wa sheria ambao asingeupata peke yake. Lakini jina lililobaki kwenye nguo ni la mwenye mtaji.

Mwaka wa kitambaa kama fedha

Katika mwaka huohuo wa 1871, nyanda za juu za Buha nazo zilikuwa zikitikiswa na kitambaa. Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta David Livingstone, alipita katika nchi ya Waha na kudaiwa hongo kubwa na watawala wake. Hongo hiyo ililipwa kwa doti za nguo. Mzigo wake ulipungua kiasi kwamba msafara ulilazimika kupita sehemu ya njia usiku kwa siri kabla ya kufika Ujiji mwezi Novemba.

Nguo iliyothaminiwa sana katika njia hizo ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho kwa miongo kadhaa kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem kutoka viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani. Strauss naye alinunua kitambaa chake cha jinzi katika ukanda huohuo, kwenye kiwanda cha Amoskeag mjini Manchester, jimbo la New Hampshire.

Vizazi viwili baadaye, Waha wengi walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuajiri vibarua iliyoitwa SILABU mwaka 1944, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa maeneo iliyotegemea. Kwa wengi wao, nguo ilikuwa sehemu kubwa ya kilichorudi nyumbani mkataba ulipokwisha. Hivyo kutunza nguo ya kazi si jambo geni katika nyanda hizi.

Kwa nini jinzi hupauka

Ili kuitunza jinzi ni lazima kuielewa ilivyofumwa. Kitambaa chake huwa na nyuzi za mtande, yaani zinazokwenda kwa urefu, ambazo hutiwa rangi ya nili, na nyuzi za mshindio zinazokatisha, ambazo huachwa nyeupe. Ndiyo maana ndani ya suruali huonekana weupe.

Nili haipenyi hadi katikati ya uzi. Hukaa juu juu, tabaka kwa tabaka, huku kiini kikibaki cheupe. Kila msuguano, iwe ni wa baiskeli, jembe au brashi ya kufulia, hukwangua rangi kidogo. Kwa hiyo jinzi kupauka polepole magotini ni tabia yake. Kupauka mabakamabaka baada ya kufuliwa mara mbili ni kosa la mfuaji.

Aidha, wapo wanaoilowesha jinzi mpya katika chumvi au siki wakiamini rangi itashika. Hiyo ni kazi bure, kwani nili haishikishwi kwa chumvi wala siki. Kinachosaidia ni kuifua peke yake mara za kwanza, katika maji baridi.

Namna ya kuifua

Mwaka 2014 mkuu wa wakati huo wa kampuni ya Levi Strauss, Chip Bergh, aliushangaza ulimwengu alipoeleza kuwa suruali aliyovaa ilikuwa haijafuliwa kwa mwaka mzima. Ushauri huo unamfaa mtu wa ofisini. Mkulima aliyetoka kupalilia anahitaji utaratibu mwingine.

Suruali iliyovaliwa mjini bila kuchafuka itundikwe usiku kucha ipate hewa, kisha ipanguswe vumbi. Si lazima ifuliwe kila inapovuliwa. Lakini iliyoloa jasho au samadi ifuliwe. Na iliyovaliwa wakati wa kupulizia dawa tumbaku, kahawa au maharage ifuliwe siku hiyohiyo, peke yake, mbali na nguo za watoto, na maji yake yasimwagwe karibu na kisima au mto.

Tope jekundu la Kasulu na Kibondo liachwe likauke kwanza, kisha lipukutwe kwa brashi kabla nguo haijagusa maji. Kulisugua likiwa bichi ni kulisukuma ndani ya nyuzi. Wekundu wake unatokana na chuma kilichomo kwenye udongo, na jiki haiondoi kutu ya chuma. Itakachoondoa ni nili, na hapo nguo itabaki na doa pamoja na baka. Doa likigoma, limao kidogo husaidia, mradi lijaribiwe kwanza upande wa ndani na nguo isuuzwe vizuri.

Doa la mawese lipakwe sabuni ya mche likiwa bado kavu, liachwe kidogo, kisha lifuliwe. Mafuta yakitoka, umanjano unaobaki hupungua lenyewe kwa jua.

Wakati wa kufua, suruali igeuzwe ndani nje, zipu na vifungo vifungwe. Itumike sabuni ya kiasi, na kuloweka kusizidi nusu saa. Kulaza jinzi ndani ya sabuni usiku kucha hutoa rangi na kuacha mistari kwenye mikunjo. Sehemu za kusugua ni pindo, kiunoni na mapajani kwa ndani, tena kwa mkono au brashi laini. Si vyema kuipiga juu ya jiwe, kwani jiwe hukata mshono na kulegeza ribiti.

Baada ya kusuuza isinyongwe. Ikunjwe na kukandamizwa maji yatoke, kisha ianikwe kwenye kamba kivulini penye upepo, ikiwa bado imegeuzwa. Isitandazwe juu ya majani au ardhi. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu na kwenye ardhi yenye kivuli, na mabuu yake huingia kwenye ngozi na kuleta majipu. Kwa sababu hiyo jinzi ipigwe pasi nje na ndani, hasa kiunoni na kwenye mishono ambako unyevu hukaa. Zile zinazonyumbuka zipigwe kwa pasi ya joto la wastani na zisitiwe jiki kabisa, maana nyuzi zake za mpira huharibika.

Hasara iliyojificha kwenye beseni

Kwa muuza mitumba, mambo haya ni suala la faida. Tuchukulie mfano wa mfanyabiashara aliyenunua suruali 10 kwa Sh8,000 kila moja akitarajia kuziuza Sh12,000. Faida anayoitarajia ni Sh40,000. Tatu kati ya hizo zikiharibika kwa jiki akalazimika kuziuza Sh5,000, mapato yake yatakuwa Sh99,000 badala ya Sh120,000, na faida itashuka hadi Sh19,000. Kosa la asubuhi moja limekula zaidi ya nusu ya faida. Kama mzigo ulichukuliwa kwa mali kauli, deni linabaki palepale.

Muuzaji makini hukagua kwanza pembe za mifuko, mshono wa katikati na ribiti, yale maeneo ambayo Davis aliyahangaikia Reno. Penye uzi ulioachia, fundi apite kabla ya kufua, kwa kuwa tundu dogo huongezeka likiingia majini. Suruali zitenganishwe nyeusi, buluu iliyoiva na zilizopauka.

Kuna pia gharama ya maji. Utafiti wa kampuni ya Levi Strauss uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa jinzi moja, tangu pamba shambani hadi mwisho wa maisha yake, hutumia takriban lita 3,781 za maji, sawa na madumu 189 ya lita 20. Sehemu kubwa hunywewa na pamba, lakini asilimia 23 hutumika kwenye kufua. Kwa kaya inayochota maji kwa kichwa au kuyanunua kwa dumu, kufua pale inapohitajika tu ni akiba ya fedha na ya nguvu za mama na mabinti.

Mwisho wa safari

Strauss hakuoa. David Stern alipofariki mwaka 1874, alibaki na watoto wa dada yake, yaani wapwa zake, na hao ndio aliowaingiza kazini mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1890 muda wa hataza uliisha na kila kiwanda kikawa huru kutumia ribiti. Ni katika kipindi hicho suruali yake maarufu ilipopewa namba 501. Kampuni haikuanguka, kwa sababu wateja walikuwa wamekwisha kuiamini alama yake, iliyoonyesha farasi wawili wakishindwa kuichana suruali.

Historia yake haikosi doa. Katika miaka ya 1880, chuki dhidi ya vibarua wa Kichina ilipopamba moto California, kampuni ilijitangaza kuwa nguo zake zinashonwa na wazungu pekee. Ni sehemu ya maisha yake ambayo haifai kufichwa.

Upande wa pili, mwaka 1897 alitoa fedha za kusomesha wanafunzi 28 katika Chuo Kikuu cha California. Alifariki Septemba 26, 1902 akiwa na miaka 73, akiacha mali iliyokadiriwa kufikia dola milioni sita. Katika wosia wake alizikumbuka nyumba za yatima za Kiyahudi, za Kikatoliki na za Kiprotestanti. Siku ya mazishi, wafanyabiashara wa San Francisco walifunga shughuli kumsindikiza.

Wapwa zake ndio waliokabiliwa na majivu ya mwaka 1906, nao waliijenga kampuni upya. Hiyo ndiyo faida ya kuwafundisha warithi kazi mapema, jambo ambalo biashara nyingi za familia hulisahau hadi mwenye duka anapofariki na duka likafungwa pamoja naye.

Nguo zenyewe nazo zimetoa ushahidi. Oktoba 2022, suruali ya Levi's ya miaka ya 1880 iliyookotwa katika mgodi ulioachwa iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 87,000. Hakuna mkulima wa Kasulu anayetarajia bei hiyo. Lakini kitambaa kilichodumu zaidi ya karne moja ndani ya shimo hakipaswi kufa katika msimu mmoja wa mvua kwa sababu ya jiki, jiwe na kunyongwa.